Mitaa Iliyoikataa Barabara

Juni 29, 1956, Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga barabara kuu zenye urefu wa takriban kilometa 66,000 kote Marekani. Serikali kuu ilibeba asilimia 90 ya gharama, majimbo yakachangia kumi tu. Kwa punguzo hilo, mhandisi gani wa jimbo angekataa? Vijijini kazi ilikwenda vizuri kiasi. Mijini ndipo palipochimbika.

Barabara ya njia sita au nane ikiingia mjini haina budi kubomoa, na wapanga mipango walitafuta ardhi ya bei nafuu, yenye wakazi wasio na mtu wa kuwasemea. Mara nyingi hiyo ilikuwa mitaa ya watu weusi: Rondo huko St. Paul, Overtown huko Miami, Black Bottom huko Detroit. Biashara, makanisa na nyumba za kupanga vilikwenda na maji.

Waliotangulia kupiga breki walikuwa San Francisco. Januari 1959, baada ya wakazi kuja juu, madiwani walifuta barabara saba kati ya kumi zilizopangwa.

Lakini ushindi haukugawanywa sawasawa, na hakuna mji unaoonyesha hilo waziwazi kama New Orleans. Claiborne Avenue, katika mtaa wa Tremé, ilikuwa na safu za mialoni katikati, na chini ya vivuli vyake familia za watu weusi zilikusanyika wakati wa sherehe za Mardi Gras. Mwaka 1966 mialoni ikakatwa, nguzo za zege zikasimamishwa na barabara ya juu ikapita. Wakati huohuo, mwendo mfupi tu kutoka hapo, barabara nyingine ilipangwa kupita ukingoni mwa mto, mbele ya mji wa kale wa Vieux Carré. Huko watetezi wa majengo ya kale walikuwa na mawakili na marafiki serikalini. Waziri wa Uchukuzi, John Volpe, aliifuta mwaka 1969.

Washington ilikwenda tofauti, kwa sababu barabara ya North Central ilitishia kwa pamoja mitaa ya weusi na ya weupe. Sammie Abbott, mzungu aliyekuwa msanii wa michoro, alishirikiana na Reginald Booker, mwanaharakati kijana mweusi, katika kamati iliyokataa barabara na kudai reli. Mabango ya Abbott yalilaani barabara za wazungu zinazopita katika nyumba za watu weusi. Lugha ya adabu haikuwa na nafasi pale.

Katika mtaa wa Brookland serikali ilikwisha kutwaa nyumba kadhaa na kuziacha tupu, madirisha yamezibwa kwa mbao. Mwaka 1969 wanaharakati waling'oa mbao za nyumba moja, wakaingia, wakaanza kuifanyia usafi na ukarabati ili watu warudi kuishi. Mahakamani nako mambo yalishaanza kugeuka: Februari 1968 mahakama ya rufaa ilikuwa imeamua kwamba jiji lilikiuka sheria kwa kutowasikiliza wananchi ipasavyo. Bunge likajibu mwaka uleule kwa kuamuru ujenzi uendelee.

Hapo ndipo William Natcher alipong'ang'ania. Mbunge huyu wa Kentucky, mwenyekiti wa kamati ndogo iliyoshika fedha za jiji, alizuia fedha za reli ya chini ya ardhi hadi barabara zikubaliwe. Wapiga kura wake walikuwa mbali. Wakazi wa Washington, kwa upande wao, hawakuwa na mbunge hata mmoja mwenye kura. Desemba 1971 wabunge wenzake walichoka, wakampinga na kuziachia fedha hizo. Sehemu ya kwanza ya reli ilifunguliwa Machi 1976, na Februari 1978 treni zikaanza kusimama Brookland na Takoma, ukanda uleule uliotengewa barabara.

Kusini-magharibi mwa jiji, ambako bomoabomoa iliutangulia upinzani, barabara ilijengwa na hadi leo magari yanapita juu yake.