Shule ya Tanga na Herufi za Kiswahili

Waandishi wa tarehe ya Kiswahili Sanifu hupenda kuianzia mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, au katika mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja. Kwa habari ya kanuni, mwanzo huo hauna kasoro. Kwa habari ya matumizi, umechelewa mno.

Katika mwaka 1892 ilifunguliwa Tanga shule iliyotangulia shule zote za serikali katika koloni la Wadachi, na ambayo baadaye ilikuja kuwa shule ya sekondari. Haikuanzishwa kwa mapenzi ya elimu. Serikali ilihitaji makarani, maakida na walimu, na watu wa pwani, wengi wao Waislamu, hawakuwa tayari kuwatia wana wao katika shule za misheni kwa kuhofia ubatizo. Kwa hiyo shule ikawa haina dini. Gavana von Soden alitaka hata mwalimu wa Kurani alipwe na serikali, na wamisheni wakalipinga jambo hilo kwa ghadhabu kubwa.

Lugha ya mafundisho ilikuwa Kiswahili, kikiandikwa kwa herufi za Kirumi. Herufi hizo hazikuwa ngeni, kwani wamisheni wa Magila walikwisha kuzitumia. Bali sasa hazikuwa tena alama ya Ukristo. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mtoto wa Kiislamu aliweza kuzijifunza bila ya kushukiwa na jamaa zake.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama, nayo hutajwa kwa nadra. Wazee wa mrima hawakuwa wajinga wa kusoma. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wake wa vita vya Wadachi kwa herufi za Kiarabu, na nyaraka na hati za biashara ziliandikwa vivyo hivyo. Ofisi zilipoacha kuzipokea herufi hizo, mtu aliyekuwa msomi kwa jirani zake alihesabiwa kuwa hajui kusoma.

Shule ilikuwa na kiwanda chake cha kupiga chapa, na humo likachapwa gazeti la *Kiongozi* (lisichanganywe na gazeti la Wakatoliki lenye jina hilo hilo). Walimu na makarani waliopelekwa bara walileta humo barua, habari na mashairi. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, navyo viliandikwa humo, kwa upande wa serikali bila shaka. Mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili ukubwani na mtu wa Tanga walisomana katika ukurasa mmoja, kwa tahajia moja, kabla ya kamati yo yote kuketi.

Gazeti lilikoma mwaka 1916, Waingereza walipoutwaa mji. Ripoti yao ya miaka ya kwanza yakiri kwamba, kwa sababu ya shule za Wadachi, waliweza kuwaandikia maakida na majumbe na kupata majibu kwa Kiswahili. *Mambo Leo* lilipoanza kutoka mwaka 1923, lilikuta wasomaji tayari.