Stabilaiza ya baba na historia ya waya wetu

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Kawetele, pale Tukuyu. Ilipogonga saa mbili usiku, taarifa ya habari inaanza, nikaisikia tena ile sauti niliyokua nayo: tik... tik-tik. Ni stabilaiza ya baba, chini ya meza ya runinga, inahangaika na umeme.

Ni boksi la chuma lenye sindano mbili kwa mbele. Moja inaonyesha umeme unaoingia, nyingine unaotoka. Usiku ule ya kwanza ilikuwa kwenye 170, ya pili kwenye 225. Umeme wetu Tanzania unatakiwa uwe volti 230. Nikakaa naitazama ile sindano ya kwanza, nikaona kuwa kwa kweli inasimulia historia. Ngoja niwasimulie.

Umeme wa kwanza wa umma Tanganyika uliwashwa na Wajerumani mwaka 1908, Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wenyewe. Mwaka 1931 Waingereza wakaukabidhi kwa kampuni binafsi, moja wapo TANESCO. Mwaka 1964 serikali ikaanza kununua hisa za kampuni hizo. Kidatu ikaanza kuzalisha mwaka 1975, na miaka ya 1980 ndipo njia kuu ya kilovolti 220 ikatoka huko kupitia Iringa na Mufindi mpaka Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 400. Kutoka Mbeya umeme ukateremka kuja kwetu. Kwa maneno mengine, sisi tulipokelewa mwishoni.

Wakati huo wote wazee wetu walikuwa na redio za betri. Walisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam kwa betri za National zilizotengenezwa hapo hapo Dar. Redio ya betri haina habari na umeme mdogo. Betri zikichoka unazianika juani, maisha yanaendelea.

Balaa lilikuja na runinga. Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara serikali iliiona ni anasa. Tulisubiri mpaka mwaka 1994 zilipoanza stesheni za watu binafsi kama ITV, na runinga ya taifa, TVT, ikaja mwaka 2000. Baada ya hapo kila mwenye uwezo akataka runinga, kisha deki, kisha sabufa. Vyombo viliongezeka kila nyumba, waya wa mtaani ukabaki ule ule.

Na waya una hesabu yake. Kadiri ulivyo mrefu na mwembamba, na kadiri watu wengi wanavyovuta kwa pamoja, ndivyo volti zinavyopotea njiani. Nyumba iliyo jirani na transfoma inapata 230. Ya mwisho wa laini, saa mbili usiku, taa za zamani zilikuwa zinawaka nyekundu kama kaa la moto.

Hili si letu peke yetu. Katika Urusi ya Kisovieti familia nyingi zilikuwa na stabilaiza pembeni ya runinga. Kule Kochi, India, kampuni ya V-Guard ilianza mwaka 1977 kwa kutengeneza stabilaiza, ikawa kampuni kubwa. Huku kwetu wengi tunazijua za Sollatek ya Uingereza. Popote umeme ulipofika kabla ya waya kutosha, boksi hili lilipata soko.

Ndani yake kuna transfoma yenye matoleo kadhaa na swichi zinazochagua. Umeme ukishuka, swichi inaruka kwenye toleo la kupandisha. Ndiyo ile tik. Umeme ukikatika na kurudi, nzuri zinasubiri kwanza utulie, maana ule wa kurudi huja unarukaruka. Usichanganye na ile gadi ya bei nafuu: gadi inakata tu umeme ukiwa mbaya, hairekebishi kitu.

Sasa nikiri kosa langu. Baba alinunua runinga na stabilaiza kwa hela za majani ya chai. Mimi nilikuwa shule ya msingi, mjuaji wa Kiingereza nyumbani, nikamsomea karatasi ya kwenye boksi: "Baba, imeandikwa inalinda." Basi baba akaamini. Kabla ya hapo mvua ikianza alikuwa anachomoa kila kitu, hata waya wa antena. Akaacha.

Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na radi zake mnazijua. Aprili 2011 radi ilipiga karibu na nyumba. Antena yetu ilikuwa juu ya mwanzi mrefu. Umeme wa radi ukapita kwenye waya wa antena, ukaingia kwenye runinga kwa mlango wa nyuma. Stabilaiza ikabaki nzima, sindano zimesimama vizuri kabisa. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si ulisema inalinda?" Fundi alifungua akafunga. Tulikaa zaidi ya mwaka bila runinga.

Stabilaiza inarekebisha umeme mdogo na mkubwa wa kawaida. Radi haiwezi. Dawa ya radi ni kuchomoa, umeme na antena pia.

Na kuna jambo jingine niliambiwa na fundi nikiwa tayari mkubwa, likaniuma. Chombo cha wati 115 kwenye volti 230 kinavuta nusu ampea. Kikipitia stabilaiza wakati umeme ni 160, kinavuta zaidi ya 0.7. Yaani tunapojiokoa, tunamshushia zaidi jirani wa mbele yetu. Naye akinunua yake, hivyo hivyo. Kila nyumba imejinunulia boksi, na fedha zile zote hazikunenepesha waya hata kidogo.

Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha Februari 2024. Nimefurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini megawati za Rufiji hazinyooshi sindano ya Kawetele kama waya wa mtaa haujabadilishwa na transfoma haijasogezwa.

Runinga ya baba ya sasa ni hizi bapa. Nyuma imeandikwa volti 100 mpaka 240, kwa hiyo 170 haiisumbui. Nikamweleza kuwa kwa umeme mdogo haihitaji tena stabilaiza, anayoihitaji labda ni sabufa yake ya zamani.

Akanitazama, akacheka. "Wewe ndiye uliyenisomea karatasi ile ya kwanza. Hii nyingine acha kwanza."

Manyunyu yakaanza. Akainuka, akachomoa vyote.