Chapman, Roger: mcheza gofu mzaliwa wa Nakuru

Roger Chapman ni mchezaji wa gofu wa kulipwa wa Uingereza, aliyezaliwa Nakuru, Kenya, tarehe 1 Mei 1959. Sifa yake kubwa ni ya mwaka 2012, alipotwaa mataji mawili makubwa ya wachezaji wakongwe nchini Marekani katika muda wa wiki saba, akiwa na umri wa miaka 53. Kabla yake ni watu watatu tu waliowahi kuyachukua mataji hayo mawili mwaka mmoja: Gary Player wa Afrika Kusini, na Jack Nicklaus na Hale Irwin wa Marekani. Nicklaus ana mataji makubwa 18 yasiyo ya wakongwe, Player 9, Irwin 3. Chapman hakuwa na hata moja.

Kwa msomaji wa Lushoto, mji alikozaliwa si mgeni sana. Nakuru iko juu, kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, Lushoto mita 1,400 hivi. Kote kuwili asubuhi mtu hutoka na sweta. Wakoloni walipapenda kwa sababu hiyo hiyo. Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal, na watawala waliokuja baadaye waliendelea kupanda huko kuukimbia mvuke wa pwani. Walipotua, walifika na michezo yao. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na ya Entebbe, Uganda, ina umri mkubwa zaidi. Mwafrika aliingia viwanjani kwa mlango wa nyuma, akiwa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo za mwenzake. Wengi waliokuja kuwa wachezaji wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walijifunza hivyo, kwa kutazama, kisha kwa kuazima fimbo jua likishazama.

Chapman hakupita njia hiyo, na ni haki kulisema. Alilelewa Uingereza, kwenye viwanja na walimu, na mwaka 1979, akiwa na miaka 20, akawa bingwa wa England wa wachezaji wa ridhaa. Miaka miwili baadaye aliitwa kwenye timu ya Uingereza na Ireland iliyocheza na Marekani kugombea Kombe la Walker, huko Cypress Point, California. Timu yake ilifungwa. Yeye alimshinda Hal Sutton, aliyekuwa bingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka uliotangulia. Katika kikosi hicho cha Marekani alikuwamo kijana mwembamba aitwaye Corey Pavin, ambaye atarudi katika habari hii. Mwaka huo huo wa 1981 Chapman akaingia gofu ya kulipwa.

Inafaa kueleza kazi hiyo ilivyo, maana kwenye televisheni huonekana kama matembezi ya starehe. Mashindano ya kawaida huchukua siku nne, mashimo 18 kila siku, na anayemaliza kwa mikwaju michache kuliko wote ndiye bingwa. Raundi moja, yaani mashimo hayo 18, ni mwendo wa kilomita nane hivi. Siku nne ni sawa na kutoka Mombo kwa miguu, kupita Soni na kona zake zote, hadi kuingia Lushoto mjini. Baada ya siku ya pili kuna mchujo. Walio chini ya mstari hufunga virago bila malipo, na nauli, hoteli na ujira wa kedi vinabaki juu yao. Mwisho wa msimu wale waliovuna fedha kidogo hupoteza kadi, yaani haki ya kucheza mwaka unaofuata, na kulazimika kuitafuta upya katika mashindano ya kufuzu.

Hayo ndiyo maisha aliyoyaishi Chapman kwa miaka 18 mfululizo barani Ulaya bila kutwaa taji. Alilipwa, alishika nafasi ya pili mara kadhaa, alitunza kadi yake, lakini kombe lilikuwa likienda kwa mwingine. Ushindi aliokuwa nao ni wa Zimbabwe Open mwaka 1988, enzi ambazo Wazungu wengi walikuja Afrika wakati wa baridi yao kucheza Nigeria, Kenya, Zambia, Ivory Coast na Zimbabwe. Vijana wengi walijipatia jina katika safari hizo: Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986.

Mwisho wa mwaka 1999 hata kadi ikamtoka. Alikuwa na miaka 40, umri ambao wengi hutafuta kazi ya kufundisha. Alirudi kwenye mashindano ya kufuzu pamoja na vijana wa umri wa kuwazaa, akafaulu, na Machi 2000 akaenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya kuadhimisha miaka 500 ya Brazil. Alimaliza sawa na Pádraig Harrington wa Ireland. Wakaingia kwenye mashimo ya ziada, na Chapman akashinda. Lilikuwa taji lake la kwanza katika ligi ya Ulaya, baada ya mashindano zaidi ya 450. Harrington huyo huyo baadaye alikuja kuchukua The Open, ubingwa mkubwa wa Uingereza, mara mbili. Wahenga walisema kawia ufike, na kama kuna mchezaji aliyeilipia methali hiyo kwa miguu yake, ni huyu.

Taji hilo la Brazil halikufuatiwa na jingine katika ligi hiyo. Kadi ilipompotea tena, alifanya kazi ya urefa wa gofu, akizunguka viwanjani kuamua ugomvi wa sheria wa watu aliokuwa akishindana nao jana. Mwaka 2009 alitimiza miaka 50, umri unaomruhusu mtu kucheza na wakongwe, akashika fimbo upya.

Mei 2012, uwanja wa Harbor Shores, Michigan, ubingwa wa PGA wa wakongwe, la kwanza kati ya yale mataji mawili. Baada ya siku tatu alikuwa na mikwaju 199, na siku ya tatu peke yake alipiga 64. Siku ya mwisho mkono ulikuwa mzito kidogo, 72, lakini akiba ilitosha: jumla 271, mikwaju miwili mbele ya John Cook.

Julai ilikuwa kinyume chake. US Senior Open ilichezwa Indianwood, Michigan hiyo hiyo, na asubuhi ya tarehe 15 Chapman alikuwa nyuma ya Bernhard Langer wa Ujerumani kwa mikwaju minne. Mtu aliyezoea kupoteza angeweza kuridhika na nafasi ya pili. Yeye alipiga 66 na kumaliza na 270. Langer alipiga 72. Watu wanne walifungana katika nafasi ya pili, mikwaju miwili nyuma yake: Langer, Fred Funk, Tom Lehman, na Corey Pavin, yule kijana wa California wa mwaka 1981. Miaka 31 ilikuwa imepita. Mwisho wa mwaka huo Chapman aliongoza pia orodha ya mapato ya wakongwe wa Ulaya.

Hoja ya mwandishi huyu ni kwamba thamani ya maisha hayo haiko katika wiki zile saba peke yake. Iko pia katika misimu 18 ambayo mtu angeweza kuacha bila kulaumiwa na yeyote. Lakini pia alikuwa na mahali pa kurudi: mashindano ya kufuzu, kazi ya urefa, ligi ya wakongwe. Kedi wa Afrika Mashariki hana ngazi kama hizo. Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alifika mashimo ya ziada ya Kenya Open, jijini Nairobi, akapitwa na Ricardo González wa Argentina. Mashindano hayo yalianza mwaka 1967. Kufikia 2025, hakuna Mkenya aliyeyashinda.