Greenwich: Mtaa wa mabaharia uliomzungusha seremala

Kituo cha kutazamia nyota kilichoko kilimani Greenwich, London, kilitimiza miaka 350 mwaka 2025. Mfalme Charles wa Pili aliagiza kijengwe ili mabaharia wajue walipo wakiwa baharini, na pauni 520 za ujenzi zikapatikana kwa kuuza baruti iliyoharibika.

Chini yake, katika kasri ukingoni mwa mto Thames, alizaliwa Mfalme Henry wa Nane mwaka 1491. Kasri hilo halipo tena. Mahali pake pakajengwa makao ya mabaharia wazee na vilema, baadaye yakawa chuo cha wanamaji. Jirani yake ipo Cutty Sark, merikebu ya chai ya mwaka 1869 iliyoungua mwaka 2007 na kufunguliwa upya mwaka 2012. Tangu 1997, UNESCO imeutambua mtaa huu kuwa urithi wa dunia.

Hata hivyo, kisa kikubwa cha Greenwich ni cha John Harrison, seremala wa kijijini aliyejifunza mwenyewe kuunda saa. Dava Sobel alikisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1995, Longitude, na ukikisoma huwezi kukaa kati.

Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly. Zaidi ya watu elfu moja walikufa, kwa kuwa manahodha hawakujua walipo. Latitudo nahodha aliisoma kwenye jua na nyota. Longitudo ilimtaka ajue ni saa ngapi katika bandari aliyotoka, na saa za enzi hizo hazikustahimili mawimbi. Bunge likaahidi pauni 20,000 kwa atakayepata ufumbuzi.

Saa ya nne ya Harrison, yenye upana wa sentimita 13, ilipelekwa Jamaica mwaka 1761. Baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu. Bodi ya zawadi ikasema huenda ni bahati, ijaribiwe tena. Mwaka 1765 Nevil Maskelyne, aliyetetea njia ya kupata longitudo kwa kupima mwendo wa mwezi, akawa mkuu wa kituo cha Greenwich na mjumbe wa bodi. Mshindani akawa hakimu. Mwaka uliofuata alifika nyumbani kwa Harrison kuchukua mashine zake tatu za awali. Moja ikaangushwa wakati wa kutolewa.

Wapo wanaomtetea Maskelyne: bodi ilipaswa kujua kama mafundi wengine wangeweza kuiga saa ile. Sawa, lakini ilibidi mtoto wa Harrison amlilie Mfalme George wa Tatu ndipo Bunge likalipa pauni 8,750 mwaka 1773. Mzee alikuwa na miaka 80. Alifariki miaka mitatu baadaye.

Mkutano wa Washington wa mwaka 1884 ukaifanya Greenwich kuwa mahali unapopita mstari wa longitudo wa nyuzi sifuri, na Afrika Mashariki leo iko saa tatu mbele yake. Watalii hupanga foleni kupigwa picha wamekanyaga mstari huo, ingawa sifuri ya setilaiti hupita mita 102 hivi mashariki yake. Saa za Harrison, zilizosahauliwa hadi afisa wa wanamaji Rupert Gould alipozifufua karne iliyopita, ziko mumo humo kituoni. Foleni ilistahili kuanzia kwenye saa hizo.