Kuku akihara, tazama kinyesi kabla ya kununua dawa

Wengi wetu tuna kuku watano sita uani, na mmoja akihara tunakimbilia duka la dawa za mifugo. Mimi nashauri mtazame kinyesi kwanza.

Kinyesi cha kuku mzima hushikana, na juu kina weupe. Huo ndio mkojo wake. Mara mojamoja hutoa uji wa kahawia unaonuka sana. Huo pia ni wa kawaida.

Ukiona damu, hasa kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6 waliojikunyata, shuku koksidiosisi. Vijidudu vyake hukomaa kwenye joto na unyevu kwa siku 1 au 2 tu, ndiyo maana masika hapa Pwani humaliza vifaranga. Dawa ya amproliamu hutiwa kwenye maji ya kunywa, lakini usipotoa maranda yaliyolowa na kuinua chombo cha maji, ugonjwa hurudi.

Kinyesi cha kijani pamoja na shingo kupinda huenda ni kideri. Hakina tiba, kinga yake ni chanjo. Mtenge kuku huyo, umwite daktari wa mifugo.

Manyoya ya nyuma yakigandana kinyesi, yaoshe kwa maji ya vuguvugu na umkaushe. Nzi wakitaga hapo, funza humla kuku akiwa hai.

Mimi hufagia banda kila asubuhi. Na watoto wakishika kuku wanawe kwa sabuni, kwani kinyesi chake chaweza kuwa na salmonela.