Fuma na Fumua: Historia ya Uzi na Sindano Mpakani mwa Busia na Tororo

Historia ifundishwayo katika shule zetu aghalabu hushughulika na mambo makubwa: vita, mikataba, reli, vyama vya siasa na majina ya watawala. Kazi za sindano hazimo. Kitambaa cheupe kilichotandazwa juu ya kiti sebuleni, kofia ya mtoto mchanga, shali aliyotunzwa bibi arusi, vyote hivi huhesabiwa kuwa mapambo, na waliovifuma huhesabiwa kuwa walikuwa wakipitisha wakati. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tukiifuata njia ya uzi katika nchi ya mpakani, baina ya Busia na Tororo, tutaona kwamba wanawake walipewa sindano kwa nia moja, nao wakaitumia kwa nia nyingine. Tutaona pia kwamba Kiswahili kimehifadhi sehemu ya habari hiyo katika msamiati wake.

Yafaa tuanze na msamiati huo. Kiswahili hakichanganyi kazi za uzi. Kushona ni kuunganisha vipande vya nguo. Kudarizi ni kupamba nguo ambayo imekwisha kuwa nguo. Kusuka ni kazi ya ukili, mikeka, vikapu na nywele. Kufuma ni kuupitisha uzi katika uzi mpaka nguo yenyewe ipatikane. Kitenzi hiki ni cha kale katika pwani yetu, kwani wachimbaji wa magofu ya Kilwa walipata vigurudumu vya udongo vilivyotumiwa kusokotea nyuzi za pamba, na Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alitaja nguo zilizotengenezwa huko na kupelekwa hadi Misri. Basi sindano za kufumia sweta zilipokuja, hapakuwa na haja ya kuazima kitenzi. Yaliyoazimwa ni majina: sufu kutoka Kiarabu, sweta kutoka Kiingereza, na kroshia, ambalo asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya ndoana ndogo.

Tofauti ya sindano mbili na kroshia si ya jina tu. Afumaye kwa sindano mbili huwa na vitanzi vingi vilivyo wazi kwa wakati mmoja. Sindano ikichomoka, vitanzi hutoroka na kazi huharibika. Afumaye kwa kroshia huwa na kitanzi kimoja tu kilicho wazi, maana kila kitanzi hufungwa kabla ya kingine kuanza. Kwa hiyo kazi ya kroshia yaweza kukatizwa wakati wowote, ikatiwa mkobani, mteja akahudumiwa au mtoto akanyonyeshwa, kisha ikaendelea pale ilipoachwa. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwa kuwa linaeleza kwa nini kroshia ilipata makao katika soko na katika safari.

Sanaa zote mbili zilitoka mbali. Soksi za pamba zilizofumwa zimepatikana Misri, na wataalamu huzikadiria kuwa za karne ya 11 hadi ya 14. Kroshia kama tuijuavyo ilienea Ulaya katika karne ya 19. Huko Ireland, wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, watawa na wanawake wengine waliwafundisha maskini kufuma lesi kwa kroshia ili wapate cha kuuza. Katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi, aliianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Kwa hiyo hata kwao ilikotoka, kroshia haikuwa mchezo wa matajiri peke yao. Ilikuwa pia chakula cha wenye njaa.

Sasa tuje mpakani kwetu. Kabla ya kuwako mpaka, nchi hii ilikuwa na mafundi wake. Wahunzi wa vilima vya Samia walisifika kwa majembe ya chuma yaliyouzwa hadi Busoga. Vikapu, mitego ya samaki na mikeka ya mafunjo vilisukwa kandokando ya mito na vinamasi. Nguo za kiwandani zilifika kwa misafara ya pwani, ambayo katika miaka ya 1880 ilikuwa ikituama kwa Mumia, mtawala wa Wanga, kabla ya kuendelea Uganda. Misafara hiyo ilileta merikani, kaniki na ushanga. Pamoja na bidhaa hizo kikaja Kiswahili chenyewe.

Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza iliitoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 1926 mpaka ukaandikwa kisheria, ukifuata mito kama Sio na Malaba. Wasamia wakajikuta pande mbili; Wateso vivyo hivyo. Dada akaolewa ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto ikawa nchi nyingine. Reli nayo ilipita Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931, na tawi lake likaelekea Mbale na Soroti. Tangu hapo bidhaa zilizoshushwa Mombasa ziliweza kufika Tororo kwa garimoshi.

Sindano ililetwa hasa na shule za wasichana za misheni. Mama Kevin, mtawa Mfransisko aliyezaliwa Ireland, aliwasili Uganda mwaka 1903 pamoja na wenzake, na mwaka 1923 akaanzisha shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Shule ya wasichana ya Gayaza ilifunguliwa mwaka 1905. Upande wa pili, katika misheni ya Butere iliyoanzishwa na Walter Chadwick mwaka 1912, dada yake Jane Chadwick alianza kuwafundisha wasichana mwaka 1916. Katika shule za namna hii msichana alifundishwa kusoma, dini, usafi na kazi za sindano. Sindano ilikuja imefungwa pamoja na fundisho, nalo lilikuwa hili: mke mwema ni yule akaaye nyumbani na kuipamba.

Fundisho hilo lilipanuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Nchini Uganda idara ya maendeleo ya jamii ilihimiza vilabu vya wanawake katika wilaya, na Bukedi, ambayo makao yake makuu yalikuja kuwa Tororo, ilikuwa miongoni mwa wilaya hizo. Nchini Kenya chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya uongozi wa wanawake wa Kizungu. Wakati wa hali ya hatari serikali ilikitumia chama hicho pia kuwavuta wanawake wasiwaunge mkono wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Katika vilabu vya nchi zote mbili masomo yalifanana: mapishi, malezi, usafi, kushona na kufuma.

Hapa pana hoja nzito ambayo haifai kufichwa. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi Ester Boserup alichapisha kitabu kuhusu nafasi ya mwanamke katika maendeleo. Alionyesha kwamba katika sehemu nyingi za Afrika mkulima ni mwanamke, lakini mafunzo ya kilimo cha kisasa alipewa mwanamume. Waliomfuata waliuliza: Je, yafaa nini kumfundisha mkulima kufuma vitambaa vya viti, ilhali anahitaji mbegu bora, jembe la kukokotwa na mkopo? Swali hili ni la haki. Katika nchi ya mpakani pamba ilikuwa zao la biashara pande zote mbili; mwanamke aliilima, akaipalilia na kuichuma, kisha akanunua uzi wa pamba dukani kwa bei ya duka. Aliyesema kwamba hapo pana dhuluma hakukosea.

Hata hivyo, hoja hiyo yaeleza nia ya waliofundisha. Haielezi walichokifanya waliofundishwa. Wanawake waliipokea sindano, na wengi wao hawakulipokea fundisho. Kitambaa kilichokusudiwa kumweka mwanamke nyumbani kilimtoa nje. Kwanza, kilikuwa zawadi. Mtoto azaliwapo, binti aolewapo, mkwe azurupo, kazi ya mkono ilikuwa njia ya mtu asiye na fedha nyingi kutoa kitu cha heshima. Mahali ambapo ndugu wametengwa na mto na askari wa forodha, kofia ya mtoto iliyofumwa upande mmoja na kuvaliwa upande wa pili ilikuwa na maana kubwa kuliko uzito wake. Pili, kilikuwa fedha. Vitambaa viliuzwa, na vikundi vya kufuma mara nyingi vikawa vikundi vya kuzungushiana akiba. Mwanamke aliyekwenda kufuma alikwenda pia kukopa, kulipa na kupata habari.

Kisha yakaja majaribu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, ambao ndio waliokuwa na maduka mengi katika miji ya Uganda. Bidhaa za viwandani zikaadimika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Biashara ya mpakani ikawa ya magendo: kahawa ikaenda Kenya usiku, na sabuni, chumvi na sukari zikarudi kwa njia hizo hizo. Ni katika miongo hiyo ambapo waendesha baiskeli wa Busia, waliowavusha watu na mizigo katika nafasi iliyo baina ya vituo viwili vya forodha, waliipa Afrika Mashariki neno bodaboda.

Wakati wa dhiki kama huo ndipo thamani ya kitenzi fumua huonekana. Walimu wa sarufi wanaijua kauli ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, fuma na fumua. Nguo ya kiwandani iliyokatwa kwa mkasi hairudi kuwa uzi. Sweta iliyofumwa hurudi. Hufumuliwa safu kwa safu, uzi ukakunjwa, ukafuliwa, ukanyooshwa, ukafumwa upya kuwa kofia na soksi za mtoto. Umaskini wa vifaa haukuimaliza sanaa hii kwa sababu ndani yake mna uwezo wa kuanza tena.

Baiskeli hiyo hiyo ilitoa vifaa vya kufumia. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa Kenya mwaka 1985, kazi za mikono na sayansi ya nyumbani zikawa masomo ya mtihani katika shule za msingi. Wavulana na wasichana walitakiwa kufuma. Mzazi asiyeweza kununua sindano za dukani alitafuta njiti za gurudumu la baiskeli, ziitwazo spoki, akazinoa ncha. Nyingine zilipindwa ncha zikawa kroshia. Kizazi kizima cha Wakenya kilijifunza kufuma kwa spoki. Katika nchi ambayo mababu walifua majembe, kijana akinoa chuma cha baiskeli hakuwa akifanya jambo geni. Na tutambue kwamba kwa miaka hiyo kufuma kuliacha kuwa kazi ya wanawake peke yao, kwa amri ya mtihani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa taifa, na lisilotahiniwa hupuuzwa upesi. Nguo za mitumba, ambazo ziliingia kwa wingi tangu miaka ya 1990, nazo zilipunguza wanunuzi wa sweta za mkono. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote Kenya mwaka 2019, umezipa tena nafasi kazi za mikono. Mpakani nako mambo yamebadilika: kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi mwezi Februari 2018, na mfanyabiashara mdogo hupitia ukaguzi wa nchi mbili mahali pamoja. Nyuzi nyingi ziuzwazo sasa ni za kiwandani, hazijapata kumgusa kondoo, lakini bado huitwa sufu. Neno limedumu ingawa kitu kimegeuka.

Ndugu walimu, jambo hili latuhusu sisi kwa njia mbili. La kwanza ni la historia. Mafundi waliojifunza katika vilabu vya miaka ya 1950 wamebaki wachache, na aendapo mmoja huenda na habari ambazo hazimo katika ripoti za maofisa. Mwanafunzi wa Busia au Tororo anaweza kumwuliza nyanya yake alifundishwa na nani, uzi aliupata wapi, na kitambaa cha kwanza alimpa nani. Majibu hayo ni historia kamili, sawa na tarehe ya mkataba.

La pili ni la lugha. Neno mfumo, ambalo leo tunalitumia kwa serikali, elimu na mitambo, ni mtoto wa kitenzi fuma. Tumelichukua neno, tukamsahau mfumaji. Tunafundisha kwamba nywele husukwa, lakini ni mara chache tunapomwuliza mwanafunzi kwa nini zikiachiliwa tunasema zimefumuliwa. Wafumaji wa mpakani wana majina ya mishono, ya vitanzi, ya pindo na ya makosa, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola na Kiganda. Majina hayo hayajaingia kamusini, na yataingia tu iwapo mwalimu na wanafunzi wake watachukua daftari, wakaketi karibu na mfumaji, wakaandika anavyosema huku mikono yake ikiendelea na kazi.