Somo la Historia ya Marekani katika shule za sekondari

Somo la Historia ya Marekani ni somo linalofundishwa katika shule za sekondari za Marekani, yaani kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Katika majimbo mengi ni somo la lazima kwa kila anayetaka kuhitimu. Mara nyingi hufundishwa katika darasa la 11, kwa wanafunzi wenye umri wa miaka 16 au 17, na huchukua mwaka mzima wa masomo, yaani mihula miwili.

Gredi ya somo hili haitokani na mtihani mmoja wa taifa. Hutolewa na mwalimu wa darasa kwa kujumlisha kazi zote za muhula au mwaka. Kwa hiyo mwanafunzi huanza kuijenga au kuibomoa gredi yake tangu wiki ya kwanza ya masomo.

## Mamlaka juu ya mtaala

Katiba ya Marekani haiipi serikali kuu mamlaka juu ya elimu, hivyo shule ziko chini ya majimbo na wilaya za elimu. Kila jimbo huandika viwango vyake, wilaya huchagua vitabu, na mwalimu hupanga masomo ya kila wiki.

Mwaka 1994 wataalamu walitoa mapendekezo ya viwango vya historia kwa nchi nzima. Yalizusha ubishi mkali kuhusu nani atajwe na nani aachwe, na Januari 1995 Seneti iliyakataa kwa kura 99 dhidi ya 1. Hadi leo hakuna mtaala mmoja wa historia kwa nchi nzima.

## Mada zinazofundishwa

Mada za kawaida ni makoloni ya Waingereza, Azimio la Uhuru la mwaka 1776, Katiba iliyoandikwa mwaka 1787, utumwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865, ujenzi mpya wa Kusini, ukuaji wa viwanda, uhamiaji, vita vikuu viwili vya dunia, vita baridi na harakati za haki za kiraia.

Majimbo mengine hugawa historia hii mara mbili. Huko Texas wanafunzi husoma kipindi cha hadi mwaka 1877 katika darasa la 8, na kipindi cha baada ya hapo wakiwa sekondari. Huko California darasa la 11 hukazia zaidi karne ya 20.

## Matarajio kwa mwanafunzi

Siku za mwanzo wa mwaka mwalimu hugawa silabasi. Hii ni karatasi inayoeleza mada, vitabu, kanuni za darasa na namna alama zitakavyohesabiwa. Shule nyingi humtaka mwanafunzi na mzazi waitie sahihi, na yanapotokea malalamiko juu ya gredi ndiyo hurejewa kwanza.

Matarajio ya kawaida ni haya:

* Kuhudhuria kila kipindi, na kufidia kazi za siku ambazo mwanafunzi hakuwepo.
* Kusoma kurasa zilizoagizwa kabla ya kipindi na kuandika muhtasari.
* Kukabidhi kazi kwa tarehe iliyowekwa. Kazi iliyochelewa hupunguziwa alama au hukataliwa kabisa.
* Kushiriki mijadala kwa kuuliza, kujibu na hata kumpinga mwalimu kwa hoja.
* Kuandika kwa maneno yake mwenyewe. Kunakili kazi ya mwingine, au kukabidhi insha iliyoandikwa na programu ya akili mnemba bila ruhusa, huhesabiwa kuwa udanganyifu na huweza kuleta sifuri.

Kukariri tarehe peke yake hakutoshi. Mwanafunzi hutakiwa kusoma vyanzo vya wakati husika, kama vile barua, hotuba, sheria, picha na magazeti. Kisha aeleze nani aliandika, kwa ajili ya nani na kwa lengo gani. Insha hutakiwa kuwa na hoja moja iliyo wazi, na hoja hiyo ithibitishwe kwa ushahidi.

## Upangaji wa alama

Kiwango kinachotumika katika shule nyingi ni hiki:

* A: 90–100
* B: 80–89
* C: 70–79
* D: 60–69
* F: chini ya 60 (ameshindwa)

Baadhi ya wilaya hutumia mipaka tofauti kidogo, au huongeza alama za kujumlisha na kutoa, kama B+ na B-. Kila herufi hubadilishwa kuwa pointi: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na F ni 0. Wastani wa pointi za masomo yote huandikwa katika rekodi ya mwanafunzi, nayo hutazamwa na vyuo vikuu wakati wa kuomba nafasi.

Mwalimu huyapa makundi ya kazi uzito tofauti. Ufuatao ni mfano wa mwanafunzi mmoja:

* Kazi za nyumbani, uzito 20%: amepata 60, sawa na pointi 12
* Majaribio mafupi, uzito 20%: amepata 80, sawa na pointi 16
* Mitihani ya mada, uzito 30%: amepata 88, sawa na pointi 26.4
* Mradi wa utafiti, uzito 15%: amepata 90, sawa na pointi 13.5
* Mtihani wa mwisho, uzito 15%: amepata 86, sawa na pointi 12.9

Jumla ni 80.8, yaani B. Mitihani yake yote inakaribia A, lakini kazi za nyumbani zimemshusha.

Sifuri ina nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanafunzi mwenye kazi tano zenye alama 80 kila moja ana wastani wa 80, yaani B. Asipokabidhi kazi ya sita, wastani huanguka hadi 66.7, yaani D. Kwa sababu hiyo baadhi ya wilaya zimeweka 50 kuwa alama ya chini kabisa. Wanaopinga husema huko ni kumpa mtu alama kwa kazi ambayo hakuifanya.

## Mitihani ya nje ya darasa

Baadhi ya majimbo yana mtihani wake juu ya gredi ya mwalimu. New York ina mtihani wa Regents wa Historia na Serikali ya Marekani, ambao alama yake ya kawaida ya kufaulu ni 65. Texas nayo ina mtihani wa mwisho wa kozi. Mwaka 2015 Arizona ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria inayowataka wanafunzi wafaulu maswali ya uraia yanayotokana na yale wanayoulizwa wahamiaji wanaoomba uraia. Majimbo mengine yaliiga baadaye.

Wanafunzi wanaotaka kozi ngumu zaidi huchukua ile ya kiwango cha chuo, inayosimamiwa na College Board. Mtihani wake hufanyika mwezi Mei kwa saa 3 na dakika 15. Una maswali 55 ya kuchagua (40%), maswali 3 ya majibu mafupi (20%), insha inayotegemea nyaraka 7 (25%) na insha ndefu (15%). Matokeo ni kuanzia 1 hadi 5, na vyuo vingi hukubali 3 na kuendelea. Matokeo haya hayabadilishi gredi aliyotoa mwalimu.

## Mjadala kuhusu haki ya gredi

Gredi za herufi zilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 19. Chuo cha Mount Holyoke, Massachusetts, kilizitumia mwaka 1897, kisha zikaenea hadi sekondari.

Shaka juu ya gredi hizo zilijitokeza mapema. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwapelekea walimu wa sekondari karatasi ileile ya mtihani wa Kiingereza waisahihishe. Alama zilitofautiana kutoka 64 hadi 98. Mwaka uliofuata walirudia jaribio hilo kwa jiometria na historia, wakakuta tofauti kubwa tena. Ndiyo maana leo walimu wengi hugawa jedwali la vigezo kabla ya insha kuandikwa, ili mwanafunzi ajue alama zitatoka wapi.

## Wanafunzi kutoka nchi zinazozungumza Kiswahili

Familia nyingi kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi zimehamia Marekani, zikiwemo zilizotoka katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Watoto wao hukutana na somo hili bila kuwa na msingi wa madarasa ya chini.

Ugumu wa kwanza ni mazoea. Mwanafunzi aliyezoea kuukazania mtihani wa mwisho huweza kuzidharau kazi ndogondogo, akashtuka gredi imekwisha kuharibika. Ugumu wa pili ni kuzisoma alama zenyewe. Katika mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, 65 ni B, lakini katika shule nyingi za Marekani ni D. Nchini Kongo 50% ni kufaulu, lakini Marekani ni F. Mzazi anayeona 65 akadhani mwanawe anaendelea vizuri huchelewa kumsaidia.

Katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa shule haziwezi kumwacha bila msaada mwanafunzi asiyejua Kiingereza. Kutokana na hilo, mwanafunzi huweza kupewa muda wa ziada, kamusi ya lugha mbili au mwalimu msaidizi. Sheria nyingine ya mwaka huohuo humpa mzazi haki ya kuziona rekodi za mtoto wake, zikiwemo gredi. Shule nyingi huziweka katika tovuti inayosasishwa katikati ya muhula, wakati bado upo muda wa kurekebisha.

## Tazama pia

* Elimu nchini Marekani
* Historia ya Marekani
* Katiba ya Marekani